Wimbo Ulioishia Kwenye Pumzi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi! Kazi ya kweli, yenye ufunguo wangu mwenyewe. Ufunguo ni wa chumba cha nyuma ambacho hakuna mtu anayekitaka, lakini ni wangu.

Duka la Shangazi kwa mbele ni chaja, kava za simu na waya zinazoning'inia kila mahali. Kwenye meza ya kona anakaa Mama Pacha, fundi wa simu. Huyu anaweza kubana bisibisi kwenye meno na bado akaongea kuliko watu watatu. Halafu kuna pazia, na nyuma ya pazia ndiko niliko mimi. Tangu nikiwa mdogo niliambiwa huku ni stoo. Kumbe ni duka la muziki! Duka zima, limelala tu. Kreti za kanda mpaka karibu na dari. Sahani za santuri zimesimama wimawima kwenye rafu. Kaunta ya mbao iliyolika pale watu walipokuwa wanaegemeza viwiko. Na kwenye kona, kibanda cha kusikilizia – kidogo kama kabati la nguo, mlango wa kioo, kiti kimoja, na hedifoni kubwa zinazofunika masikio yote na nusu ya mashavu. Watu walikuwa wanajifungia humo kusikiliza kabla ya kununua. Niliingia, nikafunga mlango. Kimya chake! Ningeweza kuhamia humo na godoro.

Kazi yangu ni kufuta vumbi na kupanga kila kitu kwenye kreti. Jumamosi anakuja mnunuzi wa vitu vya zamani na gari lake. Alishamwambia Shangazi: anachukua mzigo mzima au hachukui kabisa, hataki kuchagulishana. Baada ya hapo chumba kitajaa kava za simu.

Nilimuuliza Shangazi kama ni lazima aviuze. Akasema hajanisikia. Nikasema basi. Akauliza, basi nini? Nikasema si kitu. Mama Pacha akacheka hadi bisibisi ikamdondoka, akauliza huyu mtoto mmemtoa shuleni au mmemtoa maktaba.

Shangazi naye akatia lake. Eti siku nitakayouza kanda moja humu kwa mdomo wangu mwenyewe, siku hiyo nitakuwa na neno kwenye chumba hiki, na yeye atanisikiliza. Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka. Lakini naiandika hapa isije ikapotea.

Jumanne, 4 Machi

Sijui nianzie wapi. Naanzia kwa Shangazi.

Asubuhi alikuja nyuma kuniletea kitambaa cha vumbi, akakwama. Alichukua kanda moja, akaifungua, akanusa karatasi ya ndani! Nikamwona kabisa. Kisha akaanza kusimulia amesimama hivyohivyo na kitambaa begani. Kwamba siku ya kanda mpya ikiingia watu walikuwa wamepanga foleni kabla hajafungua kufuli. Wamevaa vizuri, wamechana nywele, kana kwamba wanakwenda kumwona mwimbaji mwenyewe. Wasiojua jina la wimbo walisimama kaunta wakauimba, mbele za watu wote, na wengine wakasaidia. (Mimi ningekufa palepale.) Ukirudi nyumbani na kanda mpya, jirani anasikia, naye kesho yuko dukani. Na huisikilizi kidogo kidogo, unaisikiliza mpaka ndani ya kichwa unajua wimbo upi unafuata.

Nilisikiliza mpaka nikasahau kufuta. Nakumbuka kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho. Inawezekana? Kwenye simu yangu nyimbo zipo zote za dunia na hakuna hata moja niliyoivalia nguo nzuri.

Halafu akaniambia kanuni yake. Kila kanda ilikuwa na nakala moja ya kuonjesha. Aliiita kanda ya kuonja. Mteja anaweka hedifoni, Shangazi anacheza wimbo mtamu kuliko zote – na ukifika nusu, katikati ya utamu, kaa! kitufe kinalia. Anazima. Anagonga kioo cha kibanda na kuuliza, "Unachukua au unasikiliza tu?" Mwisho wa wimbo haukuwa wa bure kwa mtu yeyote, hata kwa mama yake mzazi. Nikasema huo ni ukatili. (Nilisema kwa sauti! Alisikia!) Akasema huo ni ukatili uliomsomesha baba yangu.

Sasa ndipo inakuja hadithi yenyewe. Mchana aliingia mwanamume wa makamo, fundi bomba, suruali imelowa magotini, mkononi ameshika bomba la jikoni. Alitaka chaja. Akaona pazia limefunuliwa. Akasimama kama aliyeona ndugu aliyepotea. Hakuuliza kitu. Akaanza kuimba polepole, kwa mdomo uliofumbwa, na alipofika mahali fulani akavuta pumzi – hee! – akanyamaza.

Shangazi yuko nyuma, hata hajamwona. Akapaza sauti kutoka kwenye kreti: "Bwana Nusu!"

Ah, walivyocheka! Wakashikana mikono hawakuachiana. Kumbe alipokuwa mvulana wa shule alikuwa anakuja kila baada ya masomo, anaingia kibandani, anaomba wimbo uleule, anasikiliza nusu, anatoka. Hakuwahi kuinunua kanda ile. Alipoanza kupata chake, zilikuwa zimekwisha, na bendi yenyewe ilikuwa imevunjika. Ametafuta kwenye simu, wanawe wametafuta, hakuna. Ilikuwa bendi ndogo ya ukumbini tu.

Wimbo unaitwa Viti Viwili, ni wa mwanamume aliyesimama nje ya mlango wa mwanamke waliyegombana naye. Anaimba kwa muda mrefu, anaomba, anajieleza, mwisho anauliza: nikigonga utafungua, au nirudi nilikotoka? Muziki unashuka. Mwanamke anavuta pumzi ajibu. Kaa! Hapo ndipo Shangazi alipokuwa anazima.

Kwa hiyo hajui mwanamke alijibu nini. Mpaka leo! Anauimba akiwa chini ya masinki ya watu na unaishia palepale kwenye pumzi. Mke wake humjibu kutoka chumbani, "Rudi ulikotoka!" Kila mtoto wake ana jibu lake.

Nikamwangalia Shangazi. Sote tulimwangalia. Si yeye alikuwa na kanda? Akakuna kichwa, akasema kwa kweli amesahau. Anachokumbuka ni kubonyeza.

Bwana Nusu akasema anarudi Jumamosi asubuhi. Akasahau bomba lake kaunta. Akarudi kulichukua, akasahau chaja.

Nitaitafuta kanda hiyo. Nimeamua. Lazima niipate kabla gari la mnunuzi halijaja.

Jumatano, 5 Machi

Vumbi mpaka kwenye kope. Nimepekua kreti kumi na kitu. Bado.

Lakini nimepata kava yake! Ya kijani, imechorwa viti viwili vimepeana mgongo. Nilipiga kelele. Mama Pacha alikuja mbio akidhani ni panya. Nikaifungua – tupu. Nilitaka kulia, halafu Shangazi akasema bila shaka ni tupu, kava za kanda za kuonja zilikuwa zinawekwa kwenye maonyesho na kanda zenyewe zinakaa kwingine. Kwingine wapi? Akasema hapo sasa.

Deki ya kibandani, iliyo kaunta kando ya mlango wake, haizunguki. Mama Pacha aliifungua wakati wa chakula, mpira wake wa kuzungushia umeyeyuka umekuwa kama asali. Akasema yeye ni fundi wa simu, si mfufua wafu. Dakika chache baadaye nikamwona anachomoa mpira kwenye mashine mbovu iliyokuwa chini ya meza yake, anaujaribu, ulimi nje. Jioni deki ikazunguka! Tukaweka kanda ya kwanza iliyokuwa karibu. Pembe, gitaa, ngoma, zote kwa pamoja, na mkwaruzo mdogo chini yake kama mtu anakaanga kitu mbali. Watu wawili waliokuwa mbele wakinunua waya wakaja mpaka kwenye pazia. Mama mmoja akasema, "Jamani! Hii niliinunua na dada yangu, tukagombana nani alale nayo." Akacheza na mkoba wake kwapani. Mama Pacha akacheza. Mimi nilicheza kidogo ndani ya kibanda, ambako kioo kina vumbi.

Huyo mama aliniuliza kama inauzwa. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Shangazi akaniokoa, akamwambia vyote vimeshakwenda na mtu.

Kwa nini nilifunga mdomo? Ilikuwa neno moja tu. NDIYO. Silabi mbili.

Nyumbani Mama aliniuliza kama kazi ya vumbi hainichoshi, kuna kozi ya ukarani inaanza mwezi ujao. Nikasema hainichoshi. Akanitazama sana. Akasema mbona unatabasamu peke yako.

Alhamisi, 6 Machi

Imepatikana. Na imekatika.

Niandike kwa utaratibu.

Ilikuwa chini yangu muda wote! Kiti cha kibandani kinafunguka. Niliinama kuokota kitambaa nikaona bawaba. Ndani ya kiti kuna kanda za kuonja, uchi bila kava, kila moja na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa mwandiko wa Shangazi wa ujanani, wenye mikia mirefu. Ya saba au ya nane imeandikwa: VITI VIWILI – ZIMA KWENYE PUMZI.

Sikuweza hata kuita. Nilitoka nikiwa nimeinyanyua juu kama tochi. Shangazi aliacha mteja wa chaja amesimama na chenji yake haijatoka. Mama Pacha akaacha simu ya mtu imefunguliwa tumbo. Tukajibana watatu mlangoni mwa kibanda. Shangazi akaitumbukiza, akabonyeza.

Ni mzuri! Sikutegemea uwe mzuri hivyo. Gitaa linaanza peke yake, kama mtu anayetembea akifikiri. Sauti ya mwanamume ina mkwaruzo, hajisifu, haombi kwa kulialia, anasema tu yaliyotokea. Nilishika ukingo wa kaunta. Shangazi alikuwa amefumba macho, midomo inakwenda na maneno. Akawa msichana! Naapa. Muziki ukashuka. Nikigonga utafungua, au nirudi nilikotoka? Mwanamke akavuta pumzi –

Na kidole cha Shangazi kikashuka. Chenyewe! Macho yake bado yamefumbwa. Kaa!

Hakuwa amekusudia. Ni mkono tu, ulizoea. Tukaduwaa, tukaanza kucheka, Mama Pacha akasema ama kweli wewe umelaaniwa. Shangazi akabonyeza tena aucheze. Deki ikavuta, ikasita, tukasikia kitu kama jani linakanyagwa. Utepe ulikatika. Mahali palepale. Mama Pacha anasema ni kwa sababu umesimamishwa hapohapo mara nyingi mno, umechoka hapo tu, kwingine kote ni mzima.

Hakuna aliyecheka tena. Shangazi aliitoa kanda, utepe unaning'inia, akaiweka kaunta polepole. Akasema ndiyo maana nataka hivi vitu viondoke. Nikiingia humu mikono yangu inakumbuka, halafu hakuna mteja. Akasema nimwambie Bwana Nusu haikuonekana. Akarudi mbele kutoa chenji.

Nimeikunja kwenye leso. Imelala mfukoni mwangu.

Sitamwambia haikuonekana.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Pacha ni malaika mwenye makelele. Alinipa bisibisi yake ndogo kuliko zote, ile ya skurubu za simu ambazo ukipiga chafya zimepotea. Akanisimamia huku akijifanya anatengeneza kioo cha mtu. Nilifungua kanda. Ncha mbili za utepe. Nikazikata sawasawa kwa wembe, nikazilaza zikutane bila kupandana, nikabandika kipande cha selotepu chembamba kwa upande wa mgongo. Nikakosea. Nikabandua, nikarudia. Nilikuwa sipumui. Mama Pacha akasema mimi nina mikono ya fundi na mdomo wa samaki, akinipa nusu ya mdomo wake na mimi nikampa nusu ya mikono yangu tungetajirika.

Nikafunga. Nikairudisha nyuma kwa kalamu, nikiizungusha taratibu, raha ya ajabu ile! Nikaiweka kwenye deki.

Ningeweza kusikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa peke yangu kibandani, hedifoni masikioni, Shangazi ameenda kuleta mzigo. Gitaa likatembea. Mwanamume akaeleza. Swali. Pumzi –

Nikazima.

Sijui kwa nini. Moyo ulikuwa unadunda hadi kwenye meno. Si wangu kwanza, ndiyo sababu moja. Yeye amengoja tangu yuko na kaptula za shule. Lakini kuna sababu nyingine. Kidole changu kilipobonyeza, kaa!, nilijiona muuzaji. Nikageuka kwenye kioo chenye vumbi nikasema: "Unachukua au unasikiliza tu?" Ilitoka kama mbu. Nikarudia. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Mara ya tano Mama Pacha akajibu kutoka mbele, "Nachukua, mama, usinipige!"

Tukacheka mpaka tumbo likauma.

Nimefikiria kitu siku nzima na sijamwambia mtu. Jumamosi tu. Si kila siku. Pazia lifunuliwe, deki icheze, watu waingie kibandani mmoja mmoja. Ningefuta kioo. Ningeimba wimbo ambao mtu hajui jina lake – labda si mwanzoni. Yule mama wa mkoba angekuja. Naweza kabisa kuyaona hayo! Ninayaona kuliko kozi ya ukarani.

Kesho gari linakuja. Nimepanga kreti zote vizuri sana, na hilo linanitia uchungu. Nimezipanga kama za kukaa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika haraka, niko kibandani, mlango nimeufunga, wapo nje ya kioo wananiona!!

Bwana Nusu alifika kwanza. Amevaa shati lililopigwa pasi, amechana nywele. Amekuja na mke wake. Mke akasema amekuja kusikia kama jibu lake lilikuwa sahihi. Yule mama wa mkoba naye akatokea, na dada yake. Sijui nani aliwaambia (najua, ni Mama Pacha). Shangazi alishangaa kuona watu. Akaninong'oneza, si nilikuambia umwambie haikuonekana? Nikatoa leso mfukoni. Akaitazama kanda, akatazama selotepu, akanitazama mimi.

Palepale likaja gari, likarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na mnunuzi akashuka. Mtu mpole, sitasema uongo. Ana mkanda mnene wa kubebea mizigo kiunoni. Akaomba samahani kwa kukatiza, akasema atangoja wimbo uishe ndipo apakie.

Nikamketisha Bwana Nusu kibandani. Mke wake akakataa asikilize peke yake, kwa hiyo tukachomoa hedifoni ili sauti itoke kwenye spika. Nikabonyeza. Gitaa. Watu wakanyamaza, hata wa mbele. Bwana Nusu alikuwa ameshika magoti yake kama mtoto mbele ya daktari wa meno. Muziki ukashuka. Swali. Pumzi –

Kaa! Nilizima.

Kelele zilizopigwa! Dada yake mama wa mkoba alinirushia leso. Mke wa Bwana Nusu akasema huyu mtoto amerogwa na shangazi yake. Shangazi mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nami nikagonga kioo. Nikasema – na ilitoka, ilitoka yote, mpaka barabarani huko watu waligeuka –

"UNACHUKUA AU UNASIKILIZA TU?"

Bwana Nusu alicheka huku anajifuta macho. Akasimama. Akasema, "Leo nachukua, binti yangu. Leo nachukua!"

Nimeuza! Nimeuza kanda kwa mdomo wangu mwenyewe!!

Halafu mnunuzi akakohoa. Akasema kwa upole uleule kwamba samahani, mapatano yalikuwa mzigo mzima. Ameshaahidi watu wake. Ikitoka hata kanda moja yeye anaondoka na gari tupu, na hatarudi tena upande huu. Bwana Nusu akarudisha mkono wake nyuma, akaanza kusema basi, basi, hata kusikia tu inatosha, asiharibu biashara ya watu. Sura yake ilivyoshuka!

Wote tukamgeukia Shangazi. Akaangalia kreti, akaangalia ile kaunta iliyolika. Akasema:

"Mimi leo sina neno. Jumatatu nilisema nini, mwanangu?"

Nikasema nisubirini, nachukua kava. Kava ya kijani ipo humu kibandani, kweli ipo, iko kwenye paja langu. Kanda nimeshairudishia ndani yake. Viti viwili, mgongo kwa mgongo. Nimeitazama, nikachukua kalamu niandike haya.

Wanangoja neno langu: gari liondoke limejaa, au liondoke tupu. Shangazi ameegemeza viwiko pale pale palipolika, kama mteja. Mnunuzi ameshika kreti ya kwanza lakini hajainyanyua. Mama Pacha amebandika pua kwenye kioo, anauliza kama huku ndani najifungua au vipi.

Nimefuta kioo kwa mkono wa gauni. Sasa wananiona vizuri. Nami nawaona.

Nasimama. Nafungua mlango. Navuta pumzi –